Vifaa vya kupigia picha harusi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wapiga picha mnato wanaoanza kushika kazi za harusi, hasa hapa Dar es Salaam, ambako harusi moja huja na kicheni pati, sendofu, ibada au nikahi, halafu sherehe ya ukumbini inayokesha. Video ni somo jingine. Itaguswa pale tu inapotuingilia. Kampuni zimetajwa kwa majina kwa sababu bidhaa zake ndizo utakazokutana nazo madukani.

Bajeti yangu ni ndogo. Ninunue nini kwanza?

Kamera moja ya mtumba iliyo nzima na yenye nafasi mbili za kadi za kumbukumbu, lenzi ya 50mm f/1.8, flashi moja ambayo kichwa chake kinageuka, betri tatu na kadi nne. Vingine vyote kodi. (Namba ya mm ni urefu wa lenzi: ndogo inaona kwa upana, kubwa inavuta karibu. Namba ya f ni tundu la lenzi: ikiwa ndogo, mwanga mwingi zaidi unaingia.)

Wengi wanaoanza hufanya kinyume. Hela yote inaishia kwenye bodi (kamera yenyewe bila lenzi) iliyotoka mwaka huu, kisha mtu anaingia ukumbini saa tatu usiku na lenzi iliyokuja ndani ya boksi, flashi hana. Picha zinatoka na chenga, bibi harusi ana giza usoni, lawama anapewa kamera. Hiyo 50mm f/1.8 ni karibu lenzi rahisi kuliko zote katika orodha ya kila kampuni. Ya Canon, ile ya STM, ilipotoka 2015 iliuzwa takriban dola 125 za Marekani. Ukumbini inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi ya lenzi ya boksi ikiwa imevutwa hadi f/5.6.

Kila mtu anasisitiza nafasi mbili za kadi. Kwani kadi zinakufa kirahisi hivyo?

Hazifi kirahisi. Kadi nzuri hudumu miaka. Lakini pete huvishwa mara moja, na hakuna padre atakayerudia kiapo kwa sababu kadi yako imegoma. Kamera yenye nafasi mbili unaiamuru iandike kila picha kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Moja ikigoma, nyingine inayo. Wapo wanaoiweka ya pili isubiri ya kwanza ijae. Kwa harusi, hapo umeitupa faida yote.

Zenye nafasi mbili ambazo mtumba wake unapatikana: Canon 5D Mark III na Mark IV, Canon R6, Nikon D610, D750 na D7200, Nikon Z6 II, Sony a7 III na a7 IV. Zenye nafasi moja, na muuzaji hatakwambia usipouliza: Canon 6D na 6D Mark II, 80D, EOS R na RP, Nikon Z6 ya kwanza, Sony a7 II. Angalizo kwa 5D Mark III: nafasi yake ya SD ni ya kasi ndogo, kwa hiyo ukiandika kote kuwili kamera itapunguza mwendo unapopiga mfululizo. Vumilia.

Kama tayari unayo ya nafasi moja, usiiuze kwa hasara. Gawa siku kwa kadi: ya saluni na nyumbani, ya ibada, ya ukumbini. Ikitokea balaa, umepoteza sehemu na si harusi nzima.

Na bodi ya pili?

Lazima, hata kama ni ya kuazima. Kamera ikidondoka kwenye ngazi za kanisa, kamati haitaelewa maelezo yoyote. Ya pili haihitaji kuwa sawa na ya kwanza, ila itumie lenzi na betri zilezile. Halafu usiiache kwenye begi: itundike begani na lenzi tofauti, upunguze kubadilisha lenzi katikati ya vumbi la maturubai.

Ni lazima iwe fulu-fremu, yaani yenye sensa kubwa?

Si lazima, ila usiku utaitamani. Sensa ni kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera; ikiwa kubwa inavumilia ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) ya 3200 au 6400 kwa utulivu zaidi, na chumba kidogo cha bibi harusi kinaingia chote kwenye lenzi ya 35mm. Kwenye kamera za sensa ndogo, lenzi huonekana ndefu zaidi: kwa Canon zidisha kwa 1.6, kwa Nikon na Sony kwa 1.5. Kwa hiyo 50mm kwenye Canon ya sensa ndogo inaona kama 80mm. Hiyo ni nzuri kwa sura, mbaya kwa saluni ya Sinza yenye viti vitatu na mashangazi sita.

Nikiambiwa nichague kati ya fulu-fremu yenye lenzi dhaifu na sensa ndogo yenye lenzi ya f/1.8 na flashi, nachukua ya pili bila kufikiri.

DSLR ya mtumba (yenye kioo ndani), au hizi mpya zisizo na kioo?

Zisizo na kioo zinakuonyesha picha itakavyokuwa kabla hujabonyeza, na kazi yao ya kufuata jicho la mtu ni ya ajabu. Bibi harusi anapocheza kuingia ukumbini, R6 au a7 III haimwachi. Zinaweza pia kupiga kimya kabisa, jambo ambalo kanisani ni neema.

DSLR ina mambo matatu yanayoipa uhai bado. Bei imeshuka. Lenzi zake za mtumba ni tele. Na betri inakaa: Nikon D750 kwa kipimo rasmi inapiga picha 1,230 kwa chaji moja, wakati Canon R6 ukitumia kitundu cha kuchungulia inahesabiwa chini ya 400. Kwenye kazi halisi zote hupita hapo, lakini uwiano unabaki.

Kuna na hili ambalo matangazo hayalisemi: kwenye giza zito, DSLR hutumia ule mwanga mwekundu unaotolewa na flashi kutafuta fokasi. Nyingi zisizo na kioo hazitumii mwanga huo. Mpya zinaona gizani vizuri kiasi cha kutouhitaji, ila matoleo ya mwanzo yanahangaika.

Kuhusu Canon, Nikon au Sony: nunua ile wanayotumia rafiki zako. Siku umesahau chaja, utajua kwa nini.

Megapikseli ngapi zinatosha?

Ishirini hadi 24. Ukurasa wa A3 uliochapwa kwa ubora kamili unataka megapikseli 17 na ushei. Zaidi ya hapo unajaza diski tu.

Nahitaji lenzi zipi hasa?

Ipitie siku ya harusi kwa miguu, lenzi zitajitaja zenyewe.

Asubuhi uko chumbani au saluni. Nafasi finyu, vioo kila upande, mwanga wa dirisha moja. Hapo ni 35mm f/1.8 au f/2. Pete, viatu na mwaliko vinataka lenzi ya makro, ya 100mm kwa kawaida, lakini hiyo ni anasa ya mwanzoni. Piga kwa uliyonayo na ukate picha baadaye.

Kanisani unakaa mbali. Padre wengi hawataki kukuona umesimama kati yao na maharusi, na wana haki. Hapo 70-200mm f/2.8 ndiyo mfalme: unabaki pembeni na bado unapata machozi ya mama mzazi. Ni nzito, ni ghali, na ni ya kwanza ninayoshauri kukodi badala ya kununua. Asiyeiweza achukue 85mm f/1.8, asogee kwa adabu.

Nje kuna msafara. Matarumbeta yapo juu ya pikapu, ndugu wanacheza barabarani, bajaji zinapiga honi. Unataka upana wa 24mm, na unataka kuwa na uwezo wa kusogeza bila kubadili lenzi. Picha za pamoja nazo zinataka upana: kamati ya watu 40 haiingii kwenye 85mm hata urudi nyuma hadi barabarani. Safu zikiwa tatu au nne, funga tundu hadi f/8 ili wa nyuma wasififie, na uombe ngazi ya mhudumu wa ukumbi. Ngazi ni kifaa kinachodharauliwa mno.

Ukumbini ni 24-70mm f/2.8, karibu usiku mzima. Maharusi wanaingia, wapambe wanafuata, shampeni inafunguliwa, keki inakatwa. Kama ni Wachaga, ndafu analetwa kwa shangwe. Yote yanatokea kwa umbali unaobadilika kila sekunde. Mtumiaji wa Sony anaweza kuokoa pesa kwa Tamron 28-75mm f/2.8, ambayo ni ndogo na nyepesi.

Kwa hiyo ukimaliza 50mm, ya pili kununua ni 24-70 au ndugu yake, ya tatu ni 85mm. Ile 70-200 inakuja ukishakuwa na kazi za kuilipia.

Tahadhari kwa wa Nikon: kamera za D3000 na D5000 na nasaba yake hazina mota ya fokasi ndani. Ukiuziwa 50mm f/1.8D, utazungusha kwa mkono harusi nzima. Tafuta yenye herufi G.

Lenzi ya 18-55mm iliyokuja na kamera haifai kabisa?

Mchana nje inafaa, na kwenye kicheni pati ya uani yenye jua la saa tisa hakuna atakayejua. Giza likiingia, iweke begini.

Flashi gani, na niitumieje ukumbini?

Hapa ndipo kazi ya harusi za kwetu ilipo, kwa sababu sherehe ni za usiku. Chukua flashi ambayo kichwa kinapanda na kuzunguka, na ikiwezekana yenye betri ya lithiamu badala ya betri nne za AA. Godox V860 II au III na V1 ziko kundi hilo. Sababu ni wakati wa zawadi. MC akishaita upande wa bibi harusi, foleni inakuja ikicheza: mashangazi wanatunza, vitenge vinarushwa, makochi na majiko yanapita. Flashi ya AA iliyochoka inahitaji sekunde kadhaa kujaa tena, na katika sekunde hizo shangazi mkubwa kashapita. Kama una za AA, kama TT600 au Yongnuo YN560, nunua betri nzuri za kuchaji na ubadilishe kabla ya zawadi hata kama bado zinawaka.

Angalia herufi ya mwisho unaponunua Godox: C ni ya Canon, N ya Nikon, S ya Sony. Ya herufi isiyo yako itawaka, lakini kamera haitaipimia mwanga.

Usimpige mtu flashi ya uso kwa uso. Vitabu vyote vinasema igeuze juu igonge dari jeupe, irudi laini. Ushauri mzuri, ila nenda ukaangalie dari za kumbi zetu: zimefunikwa vitambaa na mpambaji, mwezi huu zambarau, mwezi ujao dhahabu. Mwanga ukigonga zambarau unarudi zambarau, na bwana harusi anafanana na bilinganya. Kwenye maturubai dari halipo kabisa, au ni la buluu. Ndiyo maana flashi ya pili juu ya stendi ni bora kuliko lenzi ya tatu. Iweke kwenye kona ya eneo la kucheza, juu ya vichwa vya watu, iwashwe kwa rimoti iliyo juu ya kamera. Ya kwenye kamera ijaze kidogo tu. Funga stendi na mfuko wa mchanga au mpe kijana aishike, maana watoto wa harusi hukimbia gizani.

Pa kuanzia: f/2.8, shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ya sekunde 1/125, ISO 1600, flashi kwenye robo ya nguvu, kisha rekebisha. Ukipandisha ISO, mapambo na taa za nyuma zinaonekana; ukiishusha sana, maharusi wanaelea kwenye giza na mpambaji atalalamika kwa haki.

Picha zangu za ukumbini zina mistari ya giza. Kamera imekufa?

Haijafa. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Shata ya haraka inakamata sehemu ya mfifio huo. Rudi 1/100 au 1/50, na uzime ile shata ya kimya ya kielektroniki, kwani ndiyo inayozidisha tatizo. Baadhi ya kamera, zikiwemo Canon 5D Mark IV na Sony a7 III, zina mpangilio wa kuzuia mfifio, uwashe. Skrini kubwa za LED nyuma ya jukwaa zina mwendo wake zenyewe: jaribu shata tofauti kabla wageni hawajaingia.

Na leza za DJ: zisiingie moja kwa moja kwenye lenzi. Zinaweza kuunguza sensa, na hilo halitengenezeki bila kubadili sensa yenyewe.

Uso wa bibi harusi unatoka mweusi tii, au gauni linakuwa jeupe lisilo na ushonaji. Ninunue kamera nyingine?

Usinunue chochote. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera kinadhani kila kitu duniani ni kijivu cha wastani. Kikiona gauni jeupe limejaa kwenye fremu, kinapunguza mwanga, na uso wa ngozi nyeusi unazama. Kikiona suti nyeusi, kinaongeza, na shati linaungua. Pima mwanga usoni kwa kipimo cha nukta moja, au weka kila kitu kwa mkono, kisha tazama grafu ya mwanga kuhakikisha gauni halijagonga ukingo wa kulia.

Piga RAW, faili ghafi lenye taarifa zote za sensa. Gauni lililozidi kidogo linarudi kwenye RAW. Kwenye JPEG limekwenda.

Ngozi nyeusi inapendeza kwa mwanga wa pembeni, unaoteleza kwenye shavu. Mwanga wa mbele unatoa jasho linalong'aa tu, hasa Februari. Weka tishu begini na umwombe mpambe wake afute kwanza. Kadi ya kupimia rangi nyeupe nayo ni ya bei ndogo. Ipige picha moja mwanzoni mwa kila sehemu, na usiku wa kuhariri utakuwa mfupi.

Kanisani na kwenye nikahi nibebe nini tofauti?

Kwanza ruhusa. Zungumza na padre au mchungaji kabla ya siku yenyewe: wapi usimame, flashi inaruhusiwa lini. Asiporuhusu, una lenzi ya f/1.8, una ISO, una shata ya kimya. Yatosha.

Nikahi ya pwani huwa na sehemu mbili zinazokwenda kwa pamoja. Wanaume wako msikitini au barazani, bibi harusi yuko ndani na wanawake, na bwana harusi hupelekwa kumpa mkono baadaye. Mpiga picha mmoja hawezi kuwa kote. Sherehe za wanawake peke yao, kwa Unguja, Mombasa na Waswahili wa Dar, zinataka mpiga picha mwanamke, na mara nyingi simu haziruhusiwi mlangoni. Hapo picha ni amana: kadi zisipite mikono ya watu, na hakuna kinachowekwa mtandaoni bila idhini ya bibi harusi mwenyewe. Dada mwenye vifaa vyake kamili hakosi kazi kwenye soko hilo, na bado ni wachache.

Picha za ufukweni mchana nahitaji nini?

Flashi, ingawa jua linawaka. Kamera nyingi haziruhusu flashi ya kawaida kupita shata 1/200 au 1/250, kwa hiyo tafuta yenye uwezo wa kusawazisha kwa shata ya haraka (HSS). Kwa nguvu zaidi kuna Godox AD200.

Wengi hupanga picha za machweo Coco Beach wakitarajia jua lizame baharini. Pwani ya Dar inatazama mashariki. Jua huzama upande wa mji, nyuma ya majengo. Anayetaka jua juu ya maji aende Unguja, Mji Mkongwe au Kendwa. Dar tumia mwanga laini wa jioni ukiwa na bahari nyuma ya maharusi, na usichelewe: jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro robo, na baada ya hapo una dakika kama ishirini tu. Msafara uliokwama kwenye makutano ya Morocco hapa Dar hauwezi kulisubirisha.

Kadi na betri, ngapi?

RAW ya megapikseli 24 ina uzito wa takriban MB 25 hadi 30. Picha elfu mbili ni kama GB 56. Nunua za GB 64 kadhaa badala ya moja kubwa, za jina linalojulikana. Kadi feki ni nyingi mno mitaani: imeandikwa GB 128, ndani ina 8, na inaendelea kupokea picha bila kulalamika huku ikizifuta za mwanzo. Ukifika nyumbani ijaribu kwa programu ya bure ya H2testw, inayoijaza yote na kuisoma tena. Fanya hivyo siku hiyohiyo, muuzaji akiwa bado anakukumbuka.

Betri tatu kwa kila kamera ya DSLR, nne kwa isiyo na kioo. Chaji usiku wa kuamkia siku moja kabla ya harusi na si usiku wa mwisho, maana umeme haujui una kazi. Ukipanda ndege kwenda Mwanza au Kilimanjaro, betri za akiba za lithiamu zinakaa kwenye begi la mkononi, haziruhusiwi kwenye mzigo.

Nanunua mtumba Kariakoo. Nikague nini?

Nenda mchana, na kadi yako na laptopu. Uliza idadi ya shata (mara ambazo kamera imeshapiga), usiamini jibu. Kwa Nikon, picha ya JPEG yenyewe imebeba hesabu hiyo. Kwa Canon nyingi utahitaji programu na waya. 5D Mark III na D750 zilitengenezewa shata 150,000, Canon 6D 100,000. Kuzidi hapo si kifo, ni sababu ya kushusha bei.

Piga ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya sensa. Vumbi linasafishika, mkwaruzo hausafishiki. Mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma: nyuzi kama utando ni fangasi, iache hapohapo. Jaribu nafasi zote mbili za kadi, kila kitufe, na sehemu ya flashi kwa flashi halisi. Menyu ya Sony iangalie kwa makini. Nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina Kijapani pekee, na hakuna fundi wa kuaminika wa kuibadilisha.

Risiti yenye namba ya kamera ni lazima. Bei ikiwa nusu ya duka la jirani, kuna mtu mahali anaitafuta kamera yake.

Joto na chumvi ya pwani vinaharibu vifaa?

Vinaharibu, polepole. Fangasi hupenda unyevu na giza, yaani begi lililofungwa chini ya kitanda Tanga au Mombasa. Nunua boksi la plastiki lisilopitisha hewa, weka silika jeli, ongeza kipimo cha unyevu. Kati ya asilimia 40 na 50 panafaa. Baada ya ufukweni futa kila kitu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu.

Tatizo la papo kwa papo ni ukungu wa kiyoyozi. Ukitoka kwenye gari la baridi au ukumbi wa baridi na kuingia joto la nje, lenzi inafifia kama kioo cha bafuni, na hapo ndipo maharusi wanashuka. Acha kamera ndani ya begi lililofungwa, toa begi nje nusu saa kabla.

Watu wa video wanamulika taa kali, picha zangu zinaharibika.

Ongea nao kabla, si mbele ya wageni. Mkikubaliana taa ikae pembeni badala ya mbele, nyote mnafaidika, na wewe unaweza kupiga bila flashi kabisa. Mnagombania sentimita zilezile usiku mzima, na harusi ijayo mtakutana tena.

Stendi ya miguu mitatu? Droni?

Stendi ya kamera ibaki nyumbani, wageni watajikwaa. Droni inahitaji kusajiliwa na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA kwa Tanzania na KCAA kwa Kenya. Anayekwambia harusi haina shida hatakuwepo polisi wakifika. Mwachie mwenye leseni.

Kukodi ni busara, au inaonekana sina uwezo?

Hakuna mgeni anayesoma stika ya duka kwenye lenzi. Kodi 70-200 na bodi ya pili, zichukue siku moja kabla ili uzijaribu, piga picha mikwaruzo iliyopo mbele ya mwenye mali, na gharama yake iingize kwenye bei unayoitaja kwa kamati tangu mwanzo. Ukiiongeza baadaye, mweka hazina atakuzungusha hadi mtoto wa kwanza abatizwe.

Nikimaliza, picha nazihifadhije, na kadi nazifuta lini?

Usiku uleule, kabla ya kulala, nakili kwenye diski mbili tofauti. Laptopu ni moja, diski ya nje ni ya pili, na nakala ya tatu ikae nyumba nyingine: kwa ndugu, au mtandaoni kama bando linaruhusu, hata ziwe JPEG tu. Wezi huchukua begi zima, likiwa na laptopu na diski pamoja.

Fungua picha kadhaa za mwanzo, katikati na mwisho uone kama zinafunguka. Kadi usiziguse mpaka nakala zote tatu zipo, kisha zifomati ndani ya kamera, si kwenye kompyuta. Kama una kadi za kutosha, zifungie hadi albamu ikabidhiwe na mama wa bibi harusi aseme picha yake na dada zake ipo.